Paka wako ananyonya sweta? Huenda ulimtoa kwa mamake mapema

Saa nane usiku, umelala fofofo. Kitu kinakupanda kifuani. Kinaanza kukukanda kwa miguu ya mbele, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mama wa kibanda anayekimbizana na unga wa chapati kabla wateja wa asubuhi hawajafika. Halafu unahisi unyevu shingoni. Unawasha tochi ya simu na kumpata paka wako amefumba macho, ameng'ang'ania kola ya hudi yako, ananyonya na kunguruma kama injini ya bodaboda iliyo mbali.

Kama unafuga paka mdogo, haya si mageni kwako. Na kama hujui yanatoka wapi, kuna uwezekano tayari umemtupia slipa.

Wangu anaitwa Chapo, na jina lilitokana na huko kukanda. Nilimpata mwaka jana. Nakaa bedsita na mwenzangu, tunagawana kodi. Usiku wa tatu Chapo alihamia upande wa mwenzangu na kuanza kazi. Jamaa aliruka kitandani kama aliyeshikwa na stima. Asubuhi jirani yetu, mama mmoja tunayemheshimu sana pale kwa ploti, akamaliza kesi kabla haijaanza: "Wanangu, huyo paka anawanyonya pumzi. Mrudisheni mlikomtoa." Mwenzangu akaitikia "Ni kweli, mama," haraka kuliko anavyoitikia siku ya kodi.

Sikutaka kubishana na mzazi. Lakini pia sikutaka kumtupa Chapo nje kabla ya kuelewa. Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda mwaka wa pili, na hata hiyo kozi yenyewe haikuhusu wanyama. Bando ninayo, lakini. Na nilikuwa na sababu nyingine ya kutotaka kubahatisha tena. Nitaifikia.

Paka huzaliwa haoni na hasikii. Macho hufunguka baada ya wiki moja au mbili. Katika hizo siku za mwanzo hawezi kujipasha joto mwenyewe, na hata haja hawezi kwenda mpaka mama amlambe chini ya mkia. Dunia yake ni vitu vitatu tu: harufu, joto na chuchu. Watoto wengi hata huchagua chuchu wanayoipenda ndani ya siku chache na kuirudia ile ile, kama abiria mwenye kiti chake kwenye matatu ya saa kumi na mbili. Huko kukanda nako si mchezo. Anapolibonyeza titi anasaidia maziwa kushuka. Kwa hivyo kichwani mwake kukanda, kunguruma, kunyonya na kulala vimefungwa fundo moja. Ukigusa kimoja, vingine vinafuata. Ndiyo maana paka mzima wa miaka mitano bado atakanda blanketi akiwa na usingizi, na hakuna ubaya wowote hapo.

Sasa, watu wengi hudhani kunyonya ni kula tu. La. Akifikisha wiki 4 hivi, mama huanza kumkwepa. Analalia tumbo, anainuka na kuondoka, anapanda ukutani ambako mtoto hafiki. Mtoto naye anajifunza kula vitu vingine, na kufikia wiki ya 8 wengi wanaweza kushiba bila maziwa. Lakini hata hapo akishtuka, akichoka au akihisi baridi, atarudi kwenye titi, na mama akiwa na moyo mzuri atamruhusu dakika mbili tatu. Leo anakubali, kesho anamzaba kofi dogo. Ni mama anayemwambia "basi", na humwambia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Paka aliyenyakuliwa kabla ya hapo hakuambiwa basi na mtu yeyote. Anaendelea kutafuta, na kilicho karibu chenye joto na manyoya ni blanketi, sweta lako la mtumba, au sikio lako.

Si kila paka anayenyonya nguo ana historia hiyo. Kuna aina, kama wale wa Siam, ambao wanajulikana kwa tabia hii zaidi ya wengine. Lakini huku kwetu ni wangapi wana paka wa Siam? Paka wetu ni wa kawaida kabisa, na tatizo letu ni la kawaida pia: tunawachukua wakiwa wachanga mno.

Tuseme ukweli. Mtaani paka ni dawa ya panya. Panya akitoboa pakiti ya unga, unauliza nani ana paka, unaelekezwa kwa mama mboga mwenye katoni chini ya meza. "Chukua, huyu ashaanza kula." Kuanza kula maana yake alilamba maziwa kwenye kifuniko jana jioni. Hakuna anayeuliza ana wiki ngapi. Mimi pia sikuuliza. Chapo alikuwa na macho ya bluu, nikaona ni mrembo. Nikamtia kwenye mfuko wa hudi, nikapanda matatu. Alilia vituo vitatu mfululizo hadi abiria wakaanza kunitazama vibaya, kisha akanyamaza ghafla. Kuchungulia, amepata kamba ya hudi, anainyonya. Nikapiga picha. Wiki iliyofuata nilipoenda kununua sukuma, mama mboga akaniambia mama paka alizunguka vibanda siku mbili akilia. Ile picha niliifuta.

Na hapa ndipo sababu yangu inapoingia. Chapo si wa kwanza. Miaka miwili kabla yake niliokota mwingine kando ya jaa, macho yamefunguka lakini masikio bado yamelala. Nilikuwa na huruma tele na sikujua lolote. Nilinunua maziwa ya pakiti, nikayapasha moto, nikamlaza chali mkononi kama mtoto mchanga wa binadamu na kumnywesha kwa kijiko. Alikunywa. Nilifurahi. Siku ya pili akaanza kuharisha. Usiku wa tatu alikuwa baridi ndani ya katoni ya viatu, na asubuhi nilimzika nyuma ya ploti keateka asinione.

Baadaye nikajua kwamba karibu kila nilichofanya kilikuwa makosa. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi ambayo tumbo la paka mchanga haliwezi, na protini na mafuta ni kidogo kuliko ya mamake. Kumnywesha akiwa chali ni kumwagia maziwa kwenye mapafu. Anatakiwa kulala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokaa kwa mama. Na kabla ya chakula alihitaji joto: chupa ya plastiki yenye maji ya moto, imefungwa kwa taulo, basi. Kwa mchanga kiasi hicho, chini ya wiki 4, usijitie udaktari kama mimi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama na uulize maziwa ya unga ya watoto wa paka.

Basi ukiniuliza msimamo wangu, ni huu: usichukue paka ambaye hajafikisha wiki 8, na kama mwenyewe anaweza kukaa naye hadi wiki 12, mwache. Hili si la huruma peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu paka karibu 6,000 wa nyumbani. Waliotolewa kwa mama kabla ya wiki 8 walikuwa katika hatari zaidi ya kuwa wakali. Waliokaa kupita wiki 14 ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa tabia za kurudiarudia, na kunyonya nguo ni mojawapo ya tabia hizo. Kwa hivyo ukiona paka wa ploti anarukia watoto na kuwakwaruza, kabla hujasema ana mapepo, uliza aliletwa akiwa na umri gani.

Najua utakachoniambia. "Nikisubiri wiki 12, mwenye ploti atawatupa wote." Au "Panya hawasubiri." La panya ni rahisi: paka wa wiki 4 hamtishi panya yeyote wa Nairobi, hao panya wetu wangemfanya kitoweo. La mwenye ploti ni gumu, na sina jibu safi. Wakati mwingine mama amegongwa na gari, au katoni imetupwa sokoni, na chaguo ni wewe au mbwa. Hapo mchukue, bana. Ila mchukue ukijua kwamba unachukua kazi ya mama pia. Na ukiweza, chukua wawili. Hakuna anayemfundisha paka kupunguza meno na kucha kama ndugu yake. Waangalie tu wasinyonyane wenyewe kwa wenyewe, hasa sehemu za siri, maana wanaweza kuumizana hadi wakashindwa kukojoa. Ukiona wekundu au uvimbe, watenganishe kwa muda na umwone daktari.

Na kama uko nami, paka tayari yuko kwako na sweta tayari limelowa? Kwanza, weka slipa chini. Anayenyonya anatafuta utulivu. Ukimpiga unamwongezea hofu, na hofu ndiyo inayomrudisha kunyonya. Mimi nilichofanya ni kumpa Chapo kitu chake, sweta kuukuu la kitambaa laini, lisilo na kamba wala vifungo. Kila alipoanza kwenye shingo nilimwinua pole pole bila kelele na kumweka juu ya sweta hilo. Nikianza kumkemea mwenzangu alicheka, eti mtu amelala saa nane usiku akibembeleza paka. Ilichukua kama wiki tatu. Nikaanza pia kumlisha kidogo kabla ya kulala, omena zilizochemshwa bila chumvi na kupondwa, na kumchezesha hadi achoke. Aliyeshiba na kuchoka ananyonya kidogo. Kitunguu usimwekee, ni sumu kwake.

Kitu kimoja cha kuogopa kikweli ni uzi. Kunyonya si shida, kumeza ndiyo shida. Sufu, kamba ya viatu, uzi wa kufuma, vinaweza kuingia tumboni na kukunja utumbo kama kamba ya suruali inavyokunja kiuno. Ukimwona anatapika, hali, amejikunyata, usingoje kesho. Na ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Uvute ukate utumbo? Daktari moja kwa moja.

Wengi huacha wenyewe wakikua. Wengine hawaachi, na kama hamezi kitu, mwachie starehe yake. Wewe una simu unayoishika kabla hujafumba macho, hakuna anayekuzaba.

Kuna suala la mwisho ambalo watu hawapendi kulisikia kwa sababu lina gharama. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, yaani mtoto kabisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Mimba ni miezi miwili hivi. Piga hesabu utajua katoni za mama mboga zinatoka wapi. Kumfunga uzazi mama mmoja kwa ploti kunazuia zaidi ya hizi ushauri zangu zote. Kwa Nairobi unaweza kuwauliza KSPCA. Sisi wa ploti tulichanga, kila nyumba kidogo, na jirani wa pumzi ndiye aliyetoa kwanza. Chapo, ambaye niligundua baadaye kuwa ni jike, alifanyiwa. Bado anakanda kila usiku, na siku hizi analala miguuni kwa mwenzangu.

Paka wa mama mboga bado zamu yake haijafika, na wiki iliyopita amezaa wanne. Nilipopita Jumapili tayari watatu walikuwa na wenyewe. Nikamwomba asiwatoe mpaka miezi miwili iishe, nikamwambia omena nitaleta mimi. Akanitazama kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya, akacheka, akakubali wawili. Wa tatu ameahidiwa mwenye bucha, na mwenye bucha anasema anamtaka Ijumaa. Kesho nitaenda kuongea naye.