Diski Pacha Si Akiba

Kompyuta moja ndogo ya nyumbani au ya shule yaweza kubeba ndani yake kompyuta pepe kadhaa: moja ya kutunza alama za wanafunzi, nyingine ya maktaba, nyingine ya mazoezi ya programu. Zote hutegemea hifadhi ile ile. Diski ikifa, zote huangamia pamoja.

Kwa sababu hiyo watu hufunga diski pacha, ambapo kila kinachoandikwa katika moja huandikwa na katika ya pili. Diski 2 za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mpango huu pamoja na mingine ya jamii yake.

Mpango wenyewe ni mzuri, ila wengi huutwika mzigo usio wake. Pacha huiga yote, hata kosa. Alama zikifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kotekote papo hapo. Radi na moto navyo havichagui. Huunguza diski zote mbili.

Akiba ya kweli ni nakala iliyochomolewa na kuwekwa katika jengo jingine. Fedha zikitosha diski mbili tu, heri moja ifanye kazi na ya pili iwe akiba. Mashine kusimama siku mbili ni usumbufu. Alama za miaka minne kupotea ni hasara isiyofidika. Na nakala hiyo ijaribiwe kurejeshwa kila muhula, kwani mbegu isiyojaribiwa haitegemewi msimu ukifika.