Zamu si Milki: Tafakuri kutoka Vanga

"Chombo cha kuzama hakina usukani," husema wahenga wa pwani. Methali hii mara nyingi hutumiwa kuwafariji waliopatwa na hasara, kana kwamba kila kuzama ni kudura isiyozuilika. Hata hivyo, nahodha yeyote wa Vanga anafahamu kwamba kabla ya chombo kushushwa majini hukaguliwa ubao kwa ubao, na penye ufa hutiwa kalafati. Hasara inayotokana na uzembe wa ukaguzi haiwezi kuitwa kudura. Makala haya yanadai kwamba ndivyo ilivyo pia kwa aina mojawapo ya biashara ya fukwe ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililokubalika, yaani ununuzi wa haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa juma moja au mawili kila mwaka. Hapa itaitwa umiliki wa zamu, ingawa itadhihirika hivi punde kwamba neno "umiliki" lenyewe ndilo chanzo cha mtego.

Mtindo huu ulizuka Ulaya katika miaka ya 1960, kisha ukaenea Marekani na kwingineko. Msingi wake ni mwepesi kuelezwa. Nyumba moja huuzwa kwa watu wengi, kila mmoja akipewa majuma yake katika mwaka. Mnunuzi hulipa kitita mwanzoni, kisha hulipa ada ya matunzo kila mwaka, akae asikae. Kampuni moja husimamia yote: hukusanya ada, huajiri watumishi, huezeka makuti upya, hupaka rangi kuta zinazoliwa na chumvi ya bahari, na hutunza daftari la zamu. Kampuni ikiwa na afya, mambo huenda joshi. Swali ambalo wauzaji hawalipendi ni hili: kampuni ikiugua, mwenye zamu anabaki na nini mkononi?

Jibu hutegemea karatasi aliyotia saini. Iwapo jina lake limo katika hati ya ardhi iliyosajiliwa, ana pa kushika. Lakini iwapo alichonunua ni ahadi ya kampuni tu kwamba atatumia chumba, basi yeye si mwenye mali bali ni mmoja wa wadai. Kampuni inapofilisika, benki iliyowekewa jengo rehani huwa na haki ya kwanza juu ya jengo hilo. Katika mali inayosalia, gharama za mfilisi hutangulia, kisha malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi na madai ya kodi. Mdai asiye na dhamana husimama nyuma ya foleni hiyo, na mara nyingi akifika mbele hukuta sahani tupu. Isitoshe, maradhi haya yana tabia ya kujilisha. Huduma zikizorota, baadhi ya wenye zamu huacha kulipa ada. Wanaosalia huongezewa mzigo, nao huchoka, na jengo huzidi kuchakaa hata kabla mfilisi hajabisha hodi.

Hayo si mambo ya kudhania. Mwaka 2000, Sunterra, kampuni iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina hiyo duniani, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani. Nchini Hispania, sheria ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba ya zamu, na mwaka 2015 mahakama kuu ya nchi hiyo ikabatilisha mkataba uliouzwa kama wa milele. Ikiwa yamewafika wanunuzi wa huko, pwani ya kusini ya Kenya ina sababu zaidi ya kutahadhari, kwa kuwa mapato ya hoteli za Diani hutegemea utulivu ambao si kampuni wala mnunuzi anayeweza kuuamuru. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, tahadhari ya mwaka 2014 ya serikali ya Uingereza kwa raia wake kuhusu safari za Mombasa na viunga vyake, na janga la korona la mwaka 2020, yote yaliwafukuza wageni. Wageni wasipokuja, deni la benki haliendi likizo.

Aidha, Kwale haihitaji kuazima mfano kutoka ng'ambo. Anayesafiri kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga na Vanga hupita Ramisi, palipokuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Muwa ukishakatwa hauvumilii kungoja. Usiposagwa mapema, utamu wake hupotea. Kwa hiyo mkulima aliyelima muwa wake alikuwa mwenye mali kwa jina, lakini thamani ya mali hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni. Kinu kiliponyamaza, muwa ukageuka nyasi. Takriban miongo miwili ilipita kabla ya ardhi ile kukodishwa kwa mwekezaji mwingine mwaka 2007, na ujio huo nao ukaleta migogoro ya ardhi na wakazi. Funzo la Ramisi ni kwamba haki ambayo thamani yake hutegemea uhai wa kampuni hufa pamoja na kampuni. Mwenye zamu yuko katika hali dhaifu zaidi, kwani yeye hata shamba la kupanda muhogo hana.

Linganisha hali hiyo na ushirika wanaoujua wavuvi wa Vanga. Chombo kinaporudi pwani, samaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na la mabaharia. Kila mmoja anajua fungu lake linatokana na nini, na mavuno yakiwa haba, uhaba huo humfikia mwenye chombo kama unavyomfikia baharia. Hapo neno "mshirika" lina maana kamili. Katika umiliki wa zamu, kinyume chake, faida hupandishwa juu na hasara hushushwa chini. Dau la mnyonge haliendi joshi, na mkataba wa namna hii humfanya mnunuzi kuwa mnyonge tangu siku ya kwanza huku akiitwa mmiliki.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Lugha hii ina msamiati wa kutosha wa kutenganisha mambo haya: milki, haki ya kutumia, upangaji, ubia, amana, rehani, dhamana, deni. Kila neno lina uzito wake, na mtu wa pwani hawezi kumchanganya aliyekabidhiwa amana na mwenye mali. Lakini mikataba huandikwa kwa Kiingereza kizito, kisha muuzaji huifasiri kwa mdomo: "Nyumba itakuwa yako." Neno moja, "yako", limebeba ghiliba yote.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kumlinda mlaji inaitambua mikataba ya zamu, inataka iwe ya maandishi, na inampa mnunuzi nafasi ya kuvunja mkataba bila kutoa sababu ndani ya siku chache baada ya kupokea nakala yake. Vilevile, Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Je, haki ya kujiondoa ina faida gani kwa mtu ambaye siku zake zinakwisha kabla hajafahamu alichokitia saini?

Wako watakaosema kwamba zamu za ufukweni ni anasa ya matajiri, na kwamba matajiri wana mawakili. Hoja hii haina mashiko. Biashara hii huuzwa kwa malipo ya polepole, na hivyo humlenga hasa mwalimu, muuguzi na kijana aliyeko Ghuba anayetuma akiba yake nyumbani. Wengine watadai kwamba istilahi za sheria hazifasiriki bila kupoteza usahihi. Hao wakumbushwe kwamba "muflisi" na "rehani" ni maneno ambayo wafanyabiashara wa pwani hii hawakungoja kuyaazima kutoka Kiingereza.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimekusanya istilahi za isimu na fasihi kwa bidii ya kupongezwa. Lahaja ya Kivumba, inayosemwa Vanga na Wasini, iliandikiwa kitabu na H. E. Lambert mwaka 1957. Ni wakati sasa wa kumtumikia msemaji wa lahaja hiyo, si kuichunguza lugha yake pekee. Kazi ya kuanzia ni ndogo: mkataba wa mfano wa kurasa chache, kwa Kiswahili sanifu, unaojibu maswali manne. Hati ya ardhi ni ya nani? Jengo limewekwa rehani wapi? Ada za matunzo zinahifadhiwa katika akaunti ya nani? Kampuni ikifilisika, mwenye zamu anasimama wapi katika foleni? Muuzaji asiyeweza kuyajibu kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa hana chombo cha kuuza, ana ubao wenye ufa. Na ufa ukionekana kungali pwani, hakuna haja ya kuisingizia kudura.