Tone la Damu Baada ya Mionzi



Leo twawaelekea ndugu zetu wa Ekero, jirani ya Mumias, ambako misafara ya pwani ilifikisha Uislamu katika karne ya 19. Jambo lenyewe lamhusu kila amuuguzaye nyumbani mtu aliyepata tiba ya mionzi kwa saratani ya koo, mdomo au shingo.

Mionzi huua saratani, lakini huweza kudhoofisha kuta za mishipa mikubwa ya shingo ipelekayo damu kwenye ubongo. Miezi, hata miaka baadaye, ukuta huo huweza kupasuka. Mara nyingi hutangulia dalili: damu kidogo puani, mdomoni au kwenye kidonda cha shingo, kisha hukatika yenyewe. Damu kukoma si kupona, ni onyo.

Basi asubuhi isingojwe. Kidonda cha shingo kikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Atokwaye damu mdomoni alazwe ubavu asipaliwe. Apelekwe hospitali iliyo karibu, Mumias au Kakamega, aongezwe damu na kuandaliwa rufaa.

Zamani tegemeo lilikuwa kuipasua shingo na kuufunga mshipa, kazi nzito katika nyama iliyokakamazwa na mionzi. Siku hizi bingwa hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi shingoni, akiongozwa na picha za eksirei. Huuziba mshipa kwa nyuzi laini za madini, au huweka ndani yake kibomba kilichofunikwa ili damu iendelee kupita. Kuziba kwaweza kuleta kiharusi. Kibomba chaweza kuambukizwa, na damu ikarudi. Familia na ielezwe yote mawili.

Utaalamu huu wapatikana katika hospitali kubwa za Nairobi. Na huko Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kuufundisha kwa shahada ya uzamili mwaka 2019. Haupo kila mahali. Kwa hiyo ulizeni kliniki mapema: damu ikitoka usiku, twende wapi? Vyeti vya mionzi viwekwe pamoja, karibu na mlango.

Wapo wasitao kwa ajili ya sitara. Sharia yaruhusu tabibu kuona panapolazimu. Ombeni muuguzi wa kike awepo, wala msicheleweshe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape nguvu wanaowauguza. Amin.