Tusiseme "Haupo" Kabla ya Kupima

BARAZA LA JUMATANO
Na Zaina Shekiondo

Kwa mwendo mrefu, Mto Mekong ndio mpaka wa Thailand na Laos. Kando zote mbili watu wanalima mpunga, wanaingia kwenye majaruba miguu mitupu mvua zikianza, na jioni wanakula wali ule ule wa kunata. Hata hivyo, hadi mwaka 1999 kumbukumbu za tiba zilionyesha ajabu moja. Upande wa Thailand wakulima walikuwa wakifa kwa ugonjwa uitwao melioidosisi. Upande wa Laos hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa.

Mwaka huo damu ya wagonjwa wenye homa kali ikaanza kuoteshwa kwenye maabara ya Hospitali ya Mahosot, mjini Vientiane. Melioidosisi ikaonekana, na tangu hapo wagonjwa wamehesabiwa kwa mamia. Hakuna kilichokuwa kimevuka mto. Udongo ni ule wa zamani na homa ni zile zile zilizokuwa zikiua. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu anayetazama.

Nina hofu kwamba sisi wa Afrika Mashariki bado tuko Laos ya kabla ya 1999.

Melioidosisi huletwa na bakteria aitwaye Burkholderia pseudomallei, anayeishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto. Humwingia mtu kwa mchubuko wa mguuni, kwa maji ya kunywa, au kwa vumbi na manyunyu yanayovutwa puani wakati wa dhoruba. Si mgeni duniani: Alfred Whitmore na msaidizi wake C. S. Krishnaswami walimtambua Rangoon, Burma, mwaka 1911, kwenye maiti za watu masikini, wengi wao watumiaji wa mofini.

Hatari yake ni kwamba hana sura moja. Kwa mtu mmoja ni nimonia, kwa mwingine ni jipu kwenye ini au wengu, kwa wa tatu ni maambukizi ya damu yanayoua ndani ya siku chache. Yupo anayekohoa kwa miezi, anakonda, picha ya kifua inafanana na ya TB, anaanzishiwa dawa za TB, na hapati nafuu. Wenye kisukari ndio wanaoshambuliwa zaidi. Ni karibu nusu ya wagonjwa wote. Nacho kisukari tunajua kinavyozidi kuingia majumbani mwetu, mjini na shamba.

Antibayotiki tulizozoea kuanzia hazimfai mgonjwa huyu. Ampisilini na jentamaisini hazimgusi bakteria, na seftriaksoni, sindano inayokimbiliwa kila wodi, haina nguvu ya kutosha. Inayofaa ni seftazidimu au meropenemu kwa mshipa, kwa siku zisizopungua kumi, kisha kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrin, kwa miezi mitatu au zaidi. Utafiti uliofanyika Ubon Ratchathani, Thailand, ukachapishwa mwaka 1989, ulionyesha kuwa seftazidimu ilipunguza vifo kwa nusu. Basi ugonjwa unatibika, ila dawa yake haiwezi kuandikwa na daktari asiyejua anatibu nini.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Direk Limmathurotsakul walikadiria kuwa melioidosisi huwapata watu 165,000 kwa mwaka duniani na kuua 89,000. Walitaja pia nchi 34 ambako yaelekea upo ingawa hajaripotiwa mgonjwa yeyote.

Na huku kwetu? Mwaka 1982 jarida la kitabibu la Skandinavia liliandika habari za mgonjwa aliyekuwa ametoka Kenya. Madagascar wamepatikana wagonjwa. Mwaka 2011 akagunduliwa mtoto mmoja Malawi, na mahali alipogunduliwa panasema mengi: ni Blantyre, mji wenye maabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiotesha damu za wagonjwa.

Nitaambiwa kwamba hospitali zetu zimeelemewa na malaria, TB na UKIMWI, kwa hiyo huu si wakati wa kukimbizana na ugonjwa adimu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana siombi kampeni ya melioidosisi. Ninaomba kila hospitali ya mkoa iweze kuotesha damu, kila siku, bila mgonjwa kuambiwa vifaa vimekwisha. Chupa ile ile ya kuoteshea damu itakayomnasa bakteria huyu itawanasa wa taifodi pia, na itatuonyesha dawa zipi zimeshazoeleka kwa vijidudu. Kisha wataalamu wa maabara wapewe mafunzo, maana hata anapoota, mara nyingi bakteria huyu hudhaniwa ni uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, akatupwa. Dalili ya kumshuku haihitaji mtambo wa mamilioni: vidonge vitatu vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani ya kuoteshea vinatosha kuanzia. Akikaidi jentamaisini na kolistini lakini akazuiwa na ko-amoksiklavu, asitupwe.

Daktari naye aongeze maswali mawili kwa mwenye homa isiyosikia dawa: unafanya kazi gani, na una kisukari? Mkulima mwenye kisukari apate viatu vya mpira, afunike vidonda, achemshe maji.

Kusini kwa Tanzania nasi tuna mto wetu, Songwe, kati ya Kyela na Malawi, na kando zote mbili kuna mpunga. Mkulima wa Kyela akifa kwa homa siku chache baada ya kupandikiza miche, cheti kitaandikwa nimonia. Huenda ikawa kweli ni nimonia tu. Lakini mjane wake ana haki ya kujua kwamba kabla neno hilo halijaandikwa, damu ya mumewe ilioteshwa, na kuna mtu aliyeinama kuitazama.