Kabla ya Kununua Pampu, Tupime Maji

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huambiwa wafanyabiashara, lakini mimi maana yake nilifunzwa na maji ya shule.

Mnamo mwaka 2015 nilikuwa nikifundisha Fizikia katika shule moja ya bweni iliyotegemea kisima kirefu. Bili ya stima ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kwa kuwa pampu ilifanya kazi usiku kucha, wakubwa walikata shauri kwamba ni ndogo, na kwamba wazazi hawana budi kuchangia kununua kubwa zaidi. Muhula huo huo, wanafunzi kadhaa walirudishwa nyumbani kutafuta karo.

Nyuma ya bweni palikuwa na nyasi mbichi katikati ya kiangazi. Sote tulizisifu, wala hatukujiuliza zilinywa maji gani. Siku nilipowapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu kupima kasi ya pampu kwa pipa na saa, mlinzi wa usiku alinijia akaniambia: "Mwalimu, tangi hujaa saa saba usiku. Kutoka hapo maji humwagika mtaroni hadi mnapokuja kuizima saa kumi na mbili asubuhi. Nilidhani ndivyo mnavyotaka."

Saa tano kila usiku! Yule mzee alijua yote. Hapana aliyewahi kumwuliza. Dawa haikuwa pampu mpya, bali swichi ndogo ya kuelea ambayo hukata umeme tangi linapojaa. Karo ambayo watoto walifukuziwa, sehemu yake ilikuwa ikinywesha nyasi.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi yeyote. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Kuziinua mita 100 kutoka ardhini huhitaji nishati ya takribani robo ya uniti ya umeme, lau pampu ingekuwa haipotezi chochote. Lakini pampu na mota yake zikiwa na ufanisi wa asilimia 50, kiasi hicho huwa zaidi ya nusu uniti. Kwa hiyo kila lita inayovuja baada ya kupandishwa ni stima iliyokwisha kulipiwa.

Na je, pampu kubwa ingetuokoa? Hasha! Ukipitisha maji maradufu katika bomba lile lile, nishati inayoliwa na msuguano kwa kila lita huongezeka takribani mara nne. Tungalilipa zaidi ili tumwage upesi zaidi.

Wako wanaosema kwamba sola imekwisha kuyamaliza matatizo haya, maana jua halina bili. Siipingi sola, shule nyingi imezifaa. Lakini anayefunga sola juu ya bomba linalovuja hununua vioo vingi kuliko anavyohitaji. Tena, jua likiwa la bure, kishawishi cha kuvuta maji pasipo kipimo huzidi. Kisima kinachovutwa kuliko kinavyojaa huteremka, na maji yakiteremka, nishati ya kuyapandisha huongezeka. Bure hiyo huwa ghali.

Jambo hili si la shule peke yake. Maji ya Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa kwa nguvu ya mteremko. Ya Baricho, kando ya mto Sabaki, sharti yasukumwe kwa umeme, na si mara moja wakazi wa Pwani wamekosa maji kwa sababu stima ya mitambo hiyo ilikatwa kwa ajili ya madeni. Wakati huo huo, kwa miaka mingi takwimu za mdhibiti wa huduma za maji nchini zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti mapato, mengine kwa kuvuja, mengine kwa wizi na mita mbovu. Panapotumika pampu, maji yanayovuja hupotea pamoja na umeme wake.

Nawasihi basi walimu wenzangu: tuwekeni mita ya maji kisimani, mita ya umeme kwenye pampu, na daftari moja mikononi mwa wanafunzi. Kila juma wagawanye uniti zilizotumika kwa idadi ya lita 1,000 zilizopandishwa. Jibu likianza kupanda, kuna jambo: pengine pampu imechakaa, pengine bomba limeziba, pengine maji yameteremka kisimani. Kisha wasome mita usiku, mifereji yote ikiwa imefungwa. Ikiwa maji bado yanatoka tangini, bomba linavuja mahali. Hilo ni somo la Fizikia, la Hisabati na la uadilifu kwa pamoja, na halihitaji maabara.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuagizwa. Mkiona nyasi mbichi wakati wa kiangazi, ulizeni.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika shule zetu ukuta huo hujengwa kwa jasho la mzazi. Kabla hatujamtuma mtoto nyumbani kufuata karo, kwanza tupande tuchungulie tangini.