Msituombee Kabla ya Kutuuliza

Ijumaa moja mwaka jana mwenzangu wa chumbani alinialika kwenye mkesha wa kikundi cha maombi cha wanafunzi, hapa Dar es Salaam. Saa sita usiku projekta ikawashwa, orodha ya mahitaji ikaonekana ukutani. Namba nne ilikuwa hii: tuombee Sumbawanga na Bonde la Ziwa Rukwa, vifungo vya uchawi vivunjike, tuwaombee na wamisionari wetu waliotoka huko, maana watu wa kule wana mioyo migumu. Ukumbi mzima ukasimama na kupaza sauti. Mimi nikabaki nimekaa. Kwetu ni Kaoze.

Kaoze iko chini ya Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali unaotenganisha uwanda wa juu wa Ufipa na bonde. Ukishuka, baridi ya Sumbawanga unaiacha juu; chini kuna joto, mpunga na mbu. Sifa zetu tunazijua. Ukitaja Sumbawanga popote Tanzania, utajibiwa kwa utani wa ungo na radi. Kumbe jina lenyewe, kama tulivyoelezwa tangu utotoni, kwa Kifipa ni amri: tupa uchawi. Utani tumeuzoea. Ila utani ukigeuzwa kuwa sala, nani atathubutu kuubishia?

Baada ya mkesha niliuliza hao wamisionari ni akina nani. Walikuwa wanafunzi wenzetu, waliokaa bondeni wiki mbili wakati wa likizo ya Pasaka. Na mioyo migumu waliijuaje? Mikutano yao ya alasiri ilihudhuriwa na watoto na wazee wachache tu. Jamani! Msimu ule mpunga unajaza punje na kwelea kwelea wanashuka kwa makundi. Anayeacha shamba alasiri ili akasikilize mahubiri atavuna makapi. Watu hawakuwa wamemkataa Mungu. Walikuwa wanaamia ndege. Swali moja tu kwa mama yeyote kisimani lingetosha, na mkutano ungehamishiwa usiku.

Hapa ndipo ninapogombana na maombi yetu ya misioni. Anayeandika orodha ndiye anayeamua shida ni ipi, na anayeombewa haulizwi. Matokeo yake tunamweleza Mungu habari za watu tusiowajua, kwa sauti ya kujiamini ambayo hata kortini tusingethubutu kuitumia.

Najua mtakavyonijibu: Mungu anajua yote, hata ombi lililokosewa atalinyoosha. Sawa, yeye halishwi taarifa potofu. Sisi tunalishwa. Ukiomba mwaka mzima dhidi ya uchawi wa Rukwa, utakachochangia ni nauli ya timu nyingine na spika kubwa zaidi. Orodha ya maombi ndiyo bajeti ya kesho.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wakolosai yeye mwenyewe akawaambia la kumwombea. Hakuwaacha wakisie. Teresia wa Mtoto Yesu hakuwahi kwenda misioni, akafia konventini Lisieux mwaka 1897, na bado mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa misioni. Lakini tazameni alivyoomba. Alikabidhiwa ndugu wawili wa kiroho: Adolphe Roulland, aliyekwenda China, na Maurice Bellière, aliyejiunga na Mapadre Weupe na baadaye akafika Nyasa, huku kwa majirani zetu. Aliandikiana nao barua, akawaombea kwa majina.

Mapadre Weupe haohao walishika misioni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1889 akaja Adriano Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea udaktari Malta. Alitibu na kufundisha dini Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kubahatisha wagonjwa wake wanaumwa nini.

Wala sijitoi. Mara ngapi nimesema "tuiombee Kongo" kwa sekunde kumi, nikapiga ishara ya msalaba na kwenda kulala? Moba iko ng'ambo ya ziwa, mkabala na Ufipa, na simjui hata mtu mmoja wa huko.

Asubuhi baada ya mkesha nilimpigia simu babu. Ni katekista, vigango vitatu ni vyake, na padre asipofika, Jumapili ni yake na mazishi ni yake.

"Shikamoo babu. Tukuombee nini?"

"Marahaba. Umeshakuwa padre?" Akacheka sana. Alipoona sicheki, akataja. Tairi la nyuma la baiskeli limekwisha. Miwani imevunjika mkono, anaifunga kwa uzi, na masomo ya Jumapili yana herufi ndogo. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwombe nipate kijana wa kunipokea. Nyie wote mmepanda mlima."

Hilo ndilo ombi namba nne. Halina ungo wala radi, wala halihitaji projekta. Linahitaji mtu ashuke mlima na akae, masika na kiangazi, mpaka ajue ni saa ngapi watu wanatoka shambani. Ndiyo maana tunaona ni nafuu kuomba dhidi ya wachawi.

Tairi nimelituma kwa basi la Sumbawanga, na miwani nimeahidi mwezi ujao. Lile la tatu bado linanishinda kuliomba kwa sauti.