Tajiri, Njoo Saa Tisa Usiku

Kila ninapokaa barazani na wenye hoteli na nyumba za wageni, khasa msimu wa Julai na Agosti unapokaribia, maneno ni yale yale: vijana wa siku hizi hawakai kazini. Umemwajiri mlinzi mwezi huu, mwezi ujao humwoni. Umemweka binti mapokezi zamu ya usiku, wiki ya tatu anakuletea cheti cha daktari, wiki ya nne haleti hata cheti. Mimi huwa na suali moja tu: tajiri, mara ya mwisho ulifika kazini kwako saa tisa usiku lini? Hapo kila mtu hukiangalia kikombe chake cha kahawa.

Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Boflo unalolinunua alfajiri liko motoni tangu wewe umelala. Samaki unaowakuta sokoni Malindi kuna aliyewavua gizani. Mgonjwa wako hospitali ya Mnazi Mmoja amegeuzwa kitandani na muuguzi ambaye wewe utakapofika na chupa ya uji yeye atakuwa ameshaondoka. Na mgeni aliyeshuka na ndege ya usiku akafikishwa Shangani saa nane, mzigo begani na macho mekundu, hamkuti meneja wala mwenye mali. Anamkuta kijana wa miaka ishirini na mbili aliyevaa shati lililopigwa pasi na mama yake. Huyo ndiye Zanzibar ya kwanza ya mgeni. Mwaka 2023 wageni waliokuja kwetu walizidi laki sita, mwaka 2024 wakapita laki saba, na sehemu kubwa ya heshima yetu mbele yao imeachwa mikononi mwa watoto ambao hatujawahi kuwauliza hata kama wamekula.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaonja. Disemba 2009 umeme unaotujia kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wakati huo nilikuwa nikiingia zamu ya usiku katika nyumba moja ya wageni ndani ya Mji Mkongwe. Jina lake tuliache. Saa sita tukizima jenereta kuokoa mafuta, na pampu nayo ikanyamaza. Maji nikiyapandisha kwa ndoo mpaka ghorofa ya tatu, kwa zile ngazi za nyumba za kale ambazo kila kipandio kina kimo chake, tochi nimeibana kwa meno. Usiku mmoja, baada ya safari kumi na mbili za ndoo, nilikaa kwenye kiti cha mapokezi, usingizi ukanichukua. Tajiri, ambaye hakuwa amewahi kufika usiku hata mara moja, siku hiyo alifika. Nadhani alikuwa akitoka harusini. Hakuniamsha. Nilipata khabari mwisho wa mwezi, mshahara ulipopungua siku tatu. Kukatwa kuliniuma, sikatai. Lakini kilichonifanya nifunge mzigo ni kwamba hakuuliza nani aliyeyajaza yale mapipa ya juu.

Basi nasema, na asiyekubali anijibu: vijana wetu usiku wanauweza. Ushahidi tunao kila mwaka, nao ni mwezi wa Ramadhani. Mlinzi yule yule, lango lile lile, saa zile zile. Watu wametoka tarawehe wanapita wakimsalimia. Jirani anamletea sahani ya futari iliyofunikwa kawa. Karibu na daku wapiga ngoma wanapita mtaani, naye anawatania. Mwezi ule humsikii akilalamika. Shawwal ikiandama, milango inafungwa, sahani zinakatika, na anabaki na paka wa mtaa. Giza ni lile lile la mwezi uliopita. Kilichoondoka ni watu.

Sitaki nionekane ninayapuuza mambo ya mwili. Mwili wa binadamu una saa yake ndani, na wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Kuanzia kama saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri mwili hupoa, na akili hupungua wepesi hata kwa mtu hodari. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Marekani ilianza saa kumi alfajiri, tarehe 28 Machi 1979. Ya Chernobyl ilitokea saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Sisemi usingizi peke yake ndio uliozileta. Zilikuwa na sababu nyingi. Ila tusijifanye kwamba saa ile ni sawa na saa nne asubuhi. Na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka kazi ya zamu ya usiku, tangu 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo yanayoelekea kuwa yanasababisha saratani. Kwa hivyo kijana akipewa nusu saa ya kujinyoosha kwa zamu, mwenzake akiwa macho, hiyo si hisani. Ni sawa na kumtilia mafuta mtu unayemtuma safari.

Sheria nazo zipo. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka mfanyakazi wa usiku apimwe afya, awe karibu na huduma ya kwanza, na ambaye afya yake haimruhusu ahamishiwe kazi nyingine inayofanana. Tanzania Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inayohesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi na kumtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Sisi Zanzibar mambo ya ajira tunajitungia wenyewe, na sheria yetu ni namba 11 ya 2005. Lakini hebu tuipige hesabu ile ya Bara. Mtu anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa ataongezewa shilingi 100. Shilingi mia! Asitokee tajiri akalia kwamba itamfilisi, wala asitokee mtu akadhani ndiyo itakayomweka kijana kazini. Mpeni, na mchango wake wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, mpelekeeni, kwani ni haki yake. Kisha tuendelee kuzungumza.

Tuzungumze njia ya kurudi nyumbani. Binti anamaliza zamu saa tano usiku, hoteli iko Shangani, kwao Fuoni. Gari hakuna. Atapanda pikipiki ya mtu asiyemjua, nusu ya ujira wa siku imekwenda, na asubuhi jirani ameshapeleka maneno kwa mama yake: mwanao anarudi usiku wa manane, sijui anatoka wapi. Muuguzi ana sare nyeupe inayomsemea njiani. Huyu wa hoteli hana cha kumsemea. Nimewaona wasichana hodari, waliosomea utalii pale Maruhubi, wanaojua lugha mbili tatu, wakiacha kazi bila ya kugombana na mtu, kwa sababu ya mdomo wa mtaa tu. Gari moja ya hoteli, yenye jina la hoteli ubavuni, ikimshusha mlangoni kwao na dereva akamsalimia baba, huufunga mdomo huo kuliko barua yoyote. Na wenye hoteli za Nungwi na Kendwa, kilomita zipatazo 60 kutoka mjini, msijibu kwamba mabweni ya wafanyakazi mnayo. Mtu anayelala mchana chumba kimoja na watu sita wa zamu ya asubuhi, huyu anaingia yule anatoka, hajalala.

Kuna dhulma nyingine ndogo ndogo ambayo hata mwenye kuifanya haijui. Mikutano yote ni saa nne asubuhi, saa ambayo mtu wa usiku ndio kwanza ameupata usingizi. Mafunzo ya lugha ni mchana. Mfanyakazi bora wa mwezi, ukiziangalia zile picha ukutani, wote ni wa mchana. Ratiba ya zamu inabandikwa Jumamosi jioni kwa wiki inayoanza Jumapili, na kijana aliyeahidi kumsindikiza dada yake harusini anajua leo kwamba kesho hayupo. Mtu wa namna hii utamwambiaje aipende kazi? Mbandikie ratiba wiki mbili kabla. Mpandishe cheo angali zamu ya usiku, awe na wadogo wake wa kuwaelekeza, tena mshahara wake upande na hicho cheo.

Nanyi wazee wangu wa majumbani, msininyamazie kana kwamba hayawahusu. Mtoto ametoka zamu, kalala saa mbili asubuhi. Saa tatu anaamshwa aende dukani, saa tano redio inafunguliwa mpaka mwisho, saa sita anaambiwa mvivu, analala mchana kama popo. Mfungieni dirisha, mtundikieni pazia zito, na wadogo wachezee uani kwa jirani.

Na wewe mwanangu wa zamu, nawe nikuambie. Ukitoka kazini usipande bodaboda kutafuta riziki ya pili mpaka alasiri, kisha ukamlaumu tajiri kwamba kazi inakuua. Simu iweke mbali na mto. Mwenzako akichelewa kukupokea zamu, mwambie mwenyewe kabla hujampelekea khabari mkubwa wenu.

Nimerudi kwako, tajiri. Chagua usiku mmoja wiki hii, usimwarifu mtu. Usije na daftari la makosa. Pitia kwa muuza kahawa, chukua birika na kashata, kaa naye hapo langoni, umwite kwa jina lake. Kama jina lake hulijui, liulize kwanza.